Bastola ndani ya sanduku si urithi wa mtoto

Jioni moja hapa Kalemie, mzee mmoja alimwita mwandishi wa mistari hii pembeni, akavuta kiti chake karibu na ukuta, akasema kwa sauti ya chini: «Mwanangu, wewe umesoma, nikuulize kitu. Nina kitu nyumbani nimemwekea kijana wangu. Siku atakapopata diploma ya Serikali, nitamkabidhi.»

«Ni kiwanja, Papa?»

«Hapana. Ni pistole.»

Kijana huyo ana miaka 11. Bastola yenyewe ni ndogo, ya kizamani, ile yenye kibweta cha risasi kinachozunguka. Imefungwa katika kipande cha kitenge, ndani ya kopo la maziwa ya unga, ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda. Risasi zilizobaki ni nne. Mzee aliipata kwa baba yake, aliyefanya kazi ya reli. Na baba yake aliachiwa na mzungu aliyekimbia mwaka 1960. Sasa mzee anataka iende kwa mtoto wa tatu katika ukoo. Swali lake halikuwa kama ni vizuri au vibaya. Aliuliza ni mafuta gani yanaweza kuzuia kutu, maana hewa ya ziwa inaila.

Hatutataja jina lake wala mtaa wake. Tunaandika kwa sababu tunajua hayuko peke yake. Katika mji huu na katika vijiji vya Nyunzu, Manono, Moba, Kabalo na Kongolo, kuna masanduku mengine yenye kitu kilichofungwa kitambaa, na baba anayejiambia kwamba anamwekea mtoto ulinzi. Kwa wazazi hao tunasema wazi: kitu hicho si zawadi. Lakini kabla ya kusema kwa nini, tukiri kwamba woga wa mzee huyu hautoki hewani.

Mji wetu wenyewe ulianza kama ngome. Mwishoni mwa mwaka 1891, kapiteni Jacques wa Ubelgiji aliweka kituo chenye silaha kando ya ziwa na kukiita Albertville. Kabla yake, bunduki zilikuwa zimeshavuka kutoka Ujiji pamoja na biashara ya pembe na ya watumwa. Aliyekuwa nazo aliteka, asiyekuwa nazo alitekwa. Mwaka 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi mapatano huko Brussels, yakakataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzima biashara ya watumwa. Lakini wakoloni walibaki na bunduki zao. Babu zetu walijifunza hapo kwamba katika nchi hii mwenye silaha ndiye anayesikilizwa, na wajukuu hawajasahau somo hilo.

Basi mzee anaposema «kila mkubwa ana bunduki, mimi nisiwe hata na kadogo haka?», hasemi upuuzi. Ndiyo maana tulimrudishia swali moja: tangu mwaka 1960, bastola hii imemlinda nani?

Alikaa kimya, kisha akaanza kuhesabu mwenyewe.

Mwaka 1964, Wasimba walichukua Albertville mwezi wa sita, na mji ukarudi mikononi mwa serikali mwishoni mwa mwezi wa nane. Wakati huo baba yake hakuthubutu kuitoa. Mtu aliyekutwa na bastola ya mzungu alihesabiwa kuwa mtu wa wazungu, na kila mtu alijua mwisho wake. Aliizika. Mwaka 1998, vita ya RCD ilipofika, aliizika tena, chini ya mwembe, na jamaa nzima ikapanda mtumbwi usiku. Waliporudi, nyumba ilikuwa imebebwa hadi milango. Bastola ilikuwa bado ardhini, salama. Kuanzia mwaka 2016, wakati Watwa na Waluba walipokuwa wakiuana kwa mishale, mapanga na bunduki za pupu, na maelfu ya watu wakikimbilia Kalemie na kulala katika masiti za Katanika na Kalunga, bastola ililala katika kopo lake. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipoanguka, na maboti yakawa yanateremsha hapa watu kutoka upande wa Uvira, raia pamoja na askari, mzee aliitoa usiku mmoja, akaipaka mawese, akairudisha.

Miaka zaidi ya 60, vita baada ya vita, haijapiga risasi hata moja kumwokoa mtu wa nyumba hiyo. Wamekuwa wakiilinda wao. Wameichimbia mashimo, wameificha kwa majirani, kwa askari na kwa watoto wao wenyewe. Kilichowaokoa ni mtumbwi wa shemeji, miguu, jirani aliyegonga mlango saa nane usiku, na dola chache za safari. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Sisi tulisikiliza tu.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Watu wanaokuja na kalashnikov hawaji peke yao. Mbele yao, bastola yenye risasi nne za kizamani haiwatishi. Inawapa tu sababu ya kuua. Aliyekutwa mikono mitupu anaweza kuibiwa na kuachwa. Aliyekutwa na silaha anaitwa adui, mpelelezi au muasi, kufuatana na nani anayeingia.

Na hapa tumfikirie kijana mwenyewe. Tarehe 18 Februari 2025, Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilitangaza kwamba imethibitisha visa vya watoto waliouawa bila hukumu na M23 baada ya kundi hilo kuingia Bukavu. Ilisema pia kwamba inajua kulikuwa na watoto waliokuwa na silaha. Jeshi lilikuwa limeondoka, na silaha na mavazi ya kijeshi yalibaki nyuma. Mtoto wa Bukavu hakuhitaji kuwa askari; ilitosha kushika kitu cha askari. Sisi wa mashariki tunapaswa kuelewa jambo hili kuliko mtu yeyote, maana ni kwetu neno kadogo liligeuka kuwa jina la mtoto mwenye bunduki, tangu safari ya AFDL ya mwaka 1996 na 1997. Baba anayemwekea mwanawe bastola anafikiri anamtoa katika hatari hiyo, kumbe anamsogeza karibu nayo.

Lakini tuseme amani imekuja na hakuna anayeingia mjini. Je, bastola ndani ya sanduku inakaa tu?

Waganga wa watoto huko Atlanta, Marekani, walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2001. Walichukua wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, wakawagawa katika vikundi vidogo 29, wakawaacha kwa dakika chache katika chumba chenye droo. Ndani ya droo moja kulikuwa na bastola ya kweli, isiyo na risasi. Vikundi 21 viliiona. Vikundi 16 viliishika. Katika vikundi 10, mtoto mmoja au zaidi alivuta kifyatulio. Karibu nusu ya waliyoiona walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika. Na zaidi ya asilimia 90 ya walioishika walisema walikwisha kufundishwa kuhusu hatari ya bunduki.

Mzee alituambia, kama baba wote: «Kijana wangu hajui iko wapi, na nimemkataza kugusa sanduku.» Papa, umemkataza, kwa hiyo anajua kwamba kuna kitu. Mtoto anajua mahali mama anapoficha sukari, anajua mahali baba anapoweka pesa ya masomo. Hata kidole cha mtoto mdogo kina nguvu ya kutosha: utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 1995, ulionyesha kwamba mtoto mmoja kati ya wanne wa miaka 3 na 4, na watoto saba kati ya kumi wa miaka 5 na 6, wanaweza kuvuta kifyatulio cha bastola nyingi zinazouzwa.

Silaha ya kizamani ina hatari zake zaidi. Bastola ndogo za mfukoni za namna hii zilitengenezwa kwa wingi Liège, Ubelgiji, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Nyingi kati yao hazina kizuizi cha kuzuia nyundo isigonge risasi zikianguka. Zikidondoka sakafuni zikiwa na risasi mbele ya nyundo, zinaweza kulipuka zenyewe. Mawese hayasaidii; yanaganda, yanashika vumbi na unyevu. Risasi za miaka mingi zinaweza kukataa, au kuchelewa kidogo kisha zikalipuka wakati mtu ameshaigeuza bastola aangalie kuna nini. Baba anadhani anaweka chuma. Anaweka kitu ambacho kila mwaka kinazidi kutoaminika, na anakiweka kwa ajili ya mikono isiyokijua.

Kuhusu zawadi yenyewe, kuna kisa ambacho dunia nzima ilikifuata. Mwezi Novemba 2021, katika mji wa Oxford, jimbo la Michigan, Marekani, baba mmoja aliyeitwa James Crumbley alinunua bastola. Ilikuwa zawadi ya Noeli ya mapema kwa mwanawe wa miaka 15. Siku nne baadaye, tarehe 30 Novemba, kijana huyo aliingia nayo shuleni akaua wanafunzi wanne. Mwaka 2024, baba na mama walihukumiwa kwa kusababisha vifo hivyo, kila mmoja miaka 10 hadi 15 gerezani. Hiyo ni nchi ambayo katiba yake inaruhusu raia kushika silaha. Na bado mahakama ilisema: mzazi uliyempa, na wewe utajibu.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Walitaka ajifunze kwa kidonda kidogo cha kidole. Hawakusema umwekee wembe ambao hajaulilia. Na risasi haiachi kidonda cha kujifunzia.

Kwetu sheria ni kali kuliko Marekani. Sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, namba 85-035, ya wakati wa Zaïre, inasema raia hawezi kushika silaha bila ruhusa ya serikali. Ruhusa inapewa mtu kwa jina lake, haipewi ukoo. Nyumba ya baba inaweza kwenda kwa watoto, na shamba lake pia, lakini bastola isiyo na karatasi hairithiwi: anayepokea anapokea kosa. Na kama ni silaha ya vita, raia anaweza kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Fikiria sasa kijana mwenye diploma mpya ya Serikali, anayetafuta nafasi chuo kikuu Lubumbashi, akikamatwa njiani na «zawadi» ya baba yake ndani ya mfuko. Atasema ni ya babu yake? Nani atamwamini?

Mzee aliposikia hayo aliuliza swali gumu kuliko letu: «Basi niipeleke wapi? Nikienda polisi nayo, nitarudi nyumbani?»

Hapa tahariri hii inaacha kuongea na baba, inaongea na wakubwa. Swali hilo ni lao, na kama hawana jibu, hawana haki ya kumlaumu mzee. Mtu mwenye silaha kwa kosa la baba yake anaogopa mambo matatu. Anaogopa kukamatwa akiwa anaileta. Anaogopa kuombwa pesa ili asikamatwe. Na anaogopa kwamba silaha aliyotoa itatoka kwa mlango wa nyuma, iuzwe, irudi mtaani usiku katika mkono wa mwizi. Wakaaji wa Kalemie, wanaosikia milio ya risasi usiku bila kujua aliyefyatua ni nani, hawaogopi bure.

Njia zipo, na nyingine zilianzia karibu na sisi. Miaka ya 2000, baada ya vita, shirika PAREC la mchungaji Ngoy Mulunda lilizunguka kaskazini mwa Katanga ya zamani likibadilisha bunduki kwa baiskeli. Kinga, kama tunavyoiita huku. Kazi hiyo haikumaliza silaha, na Katanga iliona damu tena baadaye. Lakini ilionyesha jambo moja: mtu wa kijijini anakubali kutoa bunduki akiona mbele yake kitu cha kubebea muhogo hadi sokoni, na akiona anayeipokea si yule anayemuogopa. Msumbiji, baada ya vita yao ndefu, Baraza la Wakristo lilianza mwaka 1995 kubadilisha silaha kwa majembe, vyerehani na baiskeli. Silaha zilikatwa vipande mbele ya watu, na wasanii wakatengeneza viti na sanamu kwa vyuma vyake. Mtu aliyetoa bunduki yake aliweza kuona kwa macho kwamba imekufa.

Serikali yetu ina vyombo. Kuna Tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo. Kuna P-DDRCS, iliyoundwa mwezi wa saba 2021, ambayo kazi yake haiishii kwa wapiganaji wa msituni. Ndani ya jina lake mna neno la kutuliza jamii. Kongo iliweka sahihi kwenye mapatano ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, na mapatano ya nchi za Afrika ya Kati yalipitishwa Kinshasa kwetu tarehe 30 Aprili 2010. Karatasi hatukosi. MONUSCO ilifunga ofisi zake Tanganyika mwezi wa sita 2022. Kuanzia hapo kazi hii ni yetu wenyewe.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na tunayaomba kwa mkuu wa jimbo, kwa polisi, kwa mwendesha mashtaka na kwa P-DDRCS pamoja.

Kwanza, utangazwe muda maalumu, wa miezi kadhaa, ambapo raia anayeleta silaha kwa hiari hatakamatwa wala kuulizwa aliipata wapi. Tangazo lisomwe redioni kwa Kiswahili, Kiluba na Kitabwa, lisibaki kwenye barua ya Kifaransa iliyobandikwa ukutani.

Pili, silaha zipokelewe mahali ambapo watu hawaogopi kuingia: parokia, msikiti, kanisa, kwa chifu, pamoja na mtu wa polisi na mtu wa shirika la raia. Anayeleta apewe karatasi yenye muhuri.

Tatu, silaha zote zilizoletwa zihesabiwe na kuharibiwa hadharani, mbele ya waandishi wa habari. Tutakuja, hata kama ni siku ya Mungu.

Nne, askari na polisi walipwe kwa wakati na silaha zao zihesabiwe. Haifai kumwomba raia kopo lake la maziwa huku bunduki za serikali zinaazimwa usiku.

Mambo haya yakifanyika, mzazi hatakuwa tena na kisingizio. Na hata kabla hayajafanyika, kuna jambo la leo usiku. Kama kitu kipo ndani ya nyumba, risasi zisikae pamoja nacho, sanduku lifungwe kwa kufuli, na funguo isining'inie msumarini mahali mtoto anafika. Mama wa nyumba ajue. Mara nyingi baba ndiye anayejua peke yake, na siku anapofariki, watoto wanaolia wanafungua sanduku kutafuta karatasi za kiwanja na wanakuta kitu kingine.

Karatasi za kiwanja, ndiyo. Tulimuuliza mzee kama anazo. Hana. Amekaa katika parseli hiyo miaka zaidi ya 20 na hajamaliza hati. Tukamuuliza kama kijana ana hati ya kuzaliwa. «Bado,» akajibu, na akaangalia chini. Kijana anayetoka shule bila hati ya kuzaliwa, katika parseli isiyo na hati, ana hatari nyingi mbele yake hapa Tanganyika, na bastola haitaondoa hata moja. Jirani mkorofi atamnyang'anya kiwanja kwa karatasi, atakuwa hana ya kujibu. Pesa ya mafuta ya cherehani anayotaka kununua ili kuzuia kutu ingeanza kulipia safari ya kwenda ofisi ya komini.

Waluba wa zamani walikuwa na kitu ambacho kila mfalme alikithamini: kishikio cha upinde, kilichochongwa kwa mti, ukumbusho wa upinde wa mwindaji Mbidi Kiluwe, baba wa ufalme. Kiliwekwa katika nyumba yake, na mtunzaji wake. Hakikupiga mshale hata siku moja. Kilichotunzwa hapo kilikuwa jina na heshima. Mzee wetu anatafuta kitu cha namna hiyo: kitu cha kumwambia mwanawe kwamba babu yako alikuwepo, alifanya kazi ya reli, alivuka vita akabaki hai. Habari hiyo inastahili kurithiwa. Amwambie jioni, wakiwa wamekaa, wala haihitaji risasi.

Tulipoagana, kijana alikuja na kiti kingine, akatusalimia kwa mikono miwili, akakaa karibu na baba yake. Mzee alibadilisha maneno, akaanza kuuliza habari za mitihani. Tulimwomba kitu kimoja tu, kwa heshima: asisubiri diploma. Azungumze na mama wa nyumba wiki hii, na amwite mchungaji wake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliomba tuandike bila jina lake, kusudi wengine wasome, na wakubwa pia.

Tumeandika, Papa. Tunangoja wakubwa wajibu lile swali lako: upeleke wapi?